Vihatarishi na Uzuiaji wa Tabia za Kujiua kwa Vijana Balehe katika Jamii za Wavuvi: Mfano wa Kisiwa cha Rukuba, Mkoani Mara

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Ziwa Victoria, Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Uvuvi ndio mhimili wa maisha ya wakazi wake, na anayehitaji huduma isiyopatikana kisiwani hulazimika kuvuka maji kwenda bara. Makala haya yanafafanua vihatarishi vya tabia za kujiua kwa vijana balehe, yaani wenye umri wa miaka 10 hadi 19, kwa kuzingatia mazingira ya kisiwa cha namna hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba mikakati inayotegemea shule na hospitali pekee humwacha nje kijana aishiye mwaloni.

Dhana ya tabia za kujiua hujumuisha mawazo ya kujiua, mipango, jaribio na kifo chenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29.

2.0 Vihatarishi

Kujiua hakutokani na sababu moja. Katika ngazi ya mtu binafsi, vihatarishi vikuu ni sonona, matumizi ya pombe na dawa za kulevya na, zaidi ya vyote, jaribio la awali. Katika familia kuna ukatili, kufiwa na mzazi na migogoro ya kudumu. Katika jamii kuna kuonewa na wenzao, upweke na kutengwa. Émile Durkheim, mwaka 1897, alihusisha kujiua na udhaifu wa mafungamano baina ya mtu na jamii yake.

Maelezo hayo ya Durkheim yanasaidia kuelewa maisha ya mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi inapong'aa, kazi husimama na kipato hukatika. Mvulana aliyeacha shule na kujiunga na kambi ya uvuvi huishi na watu wazima wasio ndugu zake, ambao huhama kila samaki wanapohama. Pombe ipo karibu. Mzazi yuko mbali. Kwa msichana, hatari huongezwa na ngono inayobadilishanwa na samaki, mimba za utotoni na, katika baadhi ya maeneo ya Mara, ukeketaji. Vihatarishi hivi havisubiriani zamu: deni, aibu na upweke vinaweza kumkuta kijana katika juma moja.

Aidha, kijana huyu haonekani katika takwimu. Utafiti wa afya ya wanafunzi uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2006 uliuliza kuhusu mawazo ya kujiua, lakini uliwafikia waliokuwa darasani tu. Aliye kwenye mtumbwi hakuulizwa.

3.0 Sheria na Ukimya

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kifungu cha 15 kinamwondolea jinai mtoto aliye chini ya miaka 10 na, kwa masharti, aliye chini ya miaka 12. Hivyo kijana balehe wa miaka 14 hana kinga hiyo. Matokeo yake ni kwamba familia inaweza kuliita jaribio ajali na kukwepa kutafuta tiba, wakati ambao ufuatiliaji unahitajika zaidi. Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

4.0 Uzuiaji

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hatua nne: kudhibiti upatikanaji wa nyenzo za kujidhuru, kushirikiana na vyombo vya habari, kuwajengea vijana balehe stadi za maisha, na kuwatambua mapema walio hatarini na kuwafuatilia. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, vifo vya kujiua vilipungua kwa takribani asilimia 70. Funzo hilo linaihusu Mara, ambako wakulima wa pamba hutumia viuatilifu: kupiga marufuku vile vyenye sumu kali ni hatua ya kuokoa maisha.

Kwa Rukuba, utambuzi wa mapema unapaswa kuanzia mwaloni. Vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye mitumbwi na viongozi wa dini humwona kijana kila siku. Wakifunzwa kutambua dalili, kama vile kujitenga, kugawa vitu vyake au kusema kwamba yeye ni mzigo, wanaweza kumuuliza waziwazi. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu, ndizo zinazofaa kwa mafunzo na ziara za afya. Huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, ni ya bure na haihitaji kuvuka maji.

5.0 Hitimisho

Udogo wa kisiwa una sura mbili: hufanya siri iwe ngumu kutunzwa, lakini pia hufanya mabadiliko ya kijana yaonekane haraka. Uzuiaji utafaulu pale ambapo anayeyaona mabadiliko hayo anajua la kufanya, na haogopi kwamba kusaidia ni kushtaki.