Gari Lalala Gereji, Nani Alipe?

Msomaji, pikapu ya mfanyabiashara wa Magunga, Kaunti ya Homa Bay, ikipata ajali, huenda ikavutwa hadi Kisumu na kulala gereji miezi ikingoja mkaguzi wa bima na vipuri. Huku nyumbani karo yadaiwa na mkopo haungoji. Je, bima italipa siku hizo? Usijidanganye! Bima ya lazima, chini ya Sheria Sura ya 405, hushughulikia vifo na majeraha ya watu wengine, si gari lako. Bima kamili hulipia matengenezo; hasara ya kukosa gari mara nyingi huhitaji nyongeza uliyoilipia. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Wakikuzungusha, wasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Ajali haibishi hodi.