Lugha ya gereji nayo ni Kiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, hotuba na taarifa za habari, na kwamba inapofika zamu ya chuma, mafuta na vipimo, lugha hii haina budi kukaa kando ili Kiingereza kishike usukani. Dhana hii nimeisikia katika vyumba vya walimu na katika kumbi za mihadhara. Sikubaliani nayo. Katika makala haya ninakusudia kueleza sababu zangu kwa kutumia mfano ambao huenda msomaji hakuutarajia kutoka kwa mwanaisimu, nao ni jinsi springi za gari zinavyoundwa na kubadilishwa ili gari liweze kupita mahali pasipo na barabara.

Mfano huu sikuuokota hivi hivi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandamana na wanafunzi wangu katika gereji za jua kali kukusanya msamiati wa mafundi, na hakuna mada iliyotupatia maneno mengi na mabishano matamu kuliko hii ya springi. Sababu yake si fumbo. Nchi yetu ina lami, lakini pia ina maelfu ya kilomita za changarawe, mawe ya volkeno na udongo mweusi unaonata. Aidha, mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangia ujenzi wa uzio wa msitu wa Aberdare, yaliwapa mafundi uwanja wa kupimia ujuzi wao. Katika mashindano hayo mshindi si mwenye mbio bali ni yule anayevifikia vituo vyote kwa kusafiri masafa mafupi zaidi, akikata moja kwa moja mabondeni na majabalini. Uzio wenyewe, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka wa 2009.

Sasa tutazame chuma chenyewe. Springi ya nyuma ya pikapu au lori ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kulaliana, refu juu na fupi chini. Bamba kuu lina jicho kila upande. Jicho moja hufungwa kwenye chesisi kwa pini na bushi. La pili hufungwa kwenye kiungo kinachobembea, ambacho mafundi hukiita shakeli, kwa maana springi inapobanwa hunyooka na kurefuka, na lazima ipate nafasi ya kufanya hivyo. Katikati, bolti moja huyashikilia mabamba yote pamoja, na yubolti huifunga springi kwenye ekseli.

Mteja akilalamika kwamba gari lake limelala nyuma au linagota kila linapopita shimoni, dawa inayopendwa sana ni kuongeza bamba. Dawa hii hufaa, lakini ina hesabu yake. Ugumu wa springi hukua kwa kadiri ya idadi ya mabamba. Ukiwa na mabamba 5 yanayolingana, ukaongeza la 6, ugumu huongezeka kwa thuluthi moja ya tano mbili? La hasha, huongezeka kwa sehemu moja kati ya tano, yaani asilimia 20, wala si zaidi. Unene una tabia nyingine kabisa, kwani ugumu hufuata kipeo cha tatu cha unene. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kujihesabia mwenyewe: kipeo cha tatu cha 7 ni 343, na kipeo cha tatu cha 8 ni 512. Kwa hiyo fundi anayeyaondoa mabamba ya milimita 7 na kutia ya milimita 8, idadi ikiwa ile ile, ameuongeza ugumu kwa karibu nusu nzima kwa sababu ya milimita moja tu! Isitoshe, bamba nene likipindwa kadiri ile ile huumia zaidi kuliko bamba jembamba, na huvunjika mapema. Ndiyo maana gari la kupanda mawe hufaidi mabamba mengi membamba kuliko machache manene.

Jambo la pili ambalo wengi hawalitambui ni kwamba springi ndefu au ngumu huinua bodi na chesisi, lakini haiinui difu hata kwa unywele. Katika gari lenye ekseli nzima, difu imo ndani ya ekseli, na ekseli husimama juu ya magurudumu. Atakaye difu isigonge jiwe hana budi kutia matairi makubwa zaidi. Faida ya kuinua bodi ni kuyapatia matairi hayo nafasi, na kuliwezesha gari kuikabili kingo ya korongo bila kukwaruza pua wala mkia.

Faida hiyo nayo ina gharama. Bodi ikipanda, kitovu cha uzito hupanda pamoja nayo, na gari huwa jepesi kupinduka. Pembe ya propela hubadilika, na viungo vyake huanza kutetemeka na kulika. Mipira ya breki huweza kuwa mifupi, ikavutika kila gurudumu linaposhuka. Zaidi ya yote kuna vali ndogo iliyomo katika pikapu nyingi, iliyounganishwa kwa fimbo baina ya chesisi na ekseli ya nyuma. Gari likibeba mzigo, chesisi hushuka, fimbo husukumwa, na vali huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari lililoinuliwa bila vali hiyo kurekebishwa huidanganya. Vali hudhani kwamba gari ni tupu hata likiwa limesheheni watu na magunia, nayo huzinyima breki za nyuma nguvu zinazohitajiwa. Fikiria, msomaji, gari kama hilo likiteremka Bonde la Ufa.

Shoku nayo ina makuu yake. Springi hubeba uzito, lakini haijui kutulia, ikishabanwa hurukaruka. Kazi ya shoku ni kuituliza kwa kuyasukuma mafuta yapite katika matundu madogo, hivyo nguvu za mtikisiko zikageuka joto. Katika barabara ya changarawe iliyokunjika kama bati, shoku hupiga bila kupumzika, mafuta huchemka na kutoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia chochote. Dereva huhisi gari likielea ghafla. Shoku zinazotiwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo hupunguza povu hilo. Ni kosa kuongeza mabamba na kuziacha shoku za awali, maana springi ngumu zaidi inahitaji mtulizaji mwenye nguvu zaidi.

Hatimaye kuna suala la gurudumu kuigusa ardhi. Difu ya kawaida gurudumu moja likiinuka hewani, hilo ndilo huzunguka bure huku lililo chini likikaa kimya. Kwa hiyo springi nyumbufu, inayoliruhusu gurudumu kushuka shimoni na kulifuata umbo la ardhi, ina thamani kuliko springi ngumu inayolibakiza juu. Range Rover ilipotokea mwaka wa 1970 ilikuwa na springi za koili pande zote kwa sababu hiyo, na Toyota nao waliziweka koili mbele ya Land Cruiser zao za kazi nzito mwaka wa 1999, wakayabakiza mabamba nyuma kwenye mzigo.

Waama, yote niliyoyaeleza nimeyaeleza kwa Kiswahili, na sidhani kwamba msomaji amepotea njiani. Baadhi ya maneno ni ya mkopo, lakini mkopo si aibu. Neno springi limeingia katika ngeli bila kuomba ruhusa: springi hii, springi hizi. Tairi nalo limechagua ngeli yake: tairi hili, matairi haya. Shock absorber ya Waingereza imekuwa shokamzoba kamusini, shokapu kwa ndugu zetu wengi wa Tanzania, na shoku kwa mafundi wa Nairobi. Fundi husema springi "imelala" pale inapopoteza upinde wake, na mimi sijapata kuona istilahi ya kitaaluma iliyo wazi kuliko hiyo.

Tena kuna neno kamani, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa springi ya saa. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali inatokana na upinde wa mshale. Katika Kihindi neno hilo hilo hutumiwa kwa springi hata sasa. Aliyeyatazama mabamba chini ya lori ataona kwamba jina hilo lingelifaa barabara. Sisemi kwamba tulirejeshe kwa nguvu na kulifukuza neno springi, kwani lugha haiendeshwi kwa amri. Ninasema kwamba anayedai Kiswahili hakina jina la kitu hiki hajakitafuta.

Huenda mtu akanikosoa kwamba vitabu vya ufundi na mitihani viko kwa Kiingereza, na kwamba ninapoteza wino. Kwake nina jibu moja, nalo ni ile vali ya breki. Maelezo yake yamo katika kijitabu cha Kiingereza, ilhali mikono inayoliinua gari ni ya kijana aliyejifunza kazi yake kwa Kiswahili, kwa kumtazama fundi mkuu. Kijana huyo ana macho makali na mikono yenye maarifa, lakini onyo linalomhusu halijawahi kumfikia. Upande wa pili yuko mhitimu anayeijua kanuni ya kipeo cha tatu lakini hawezi kumweleza fundi kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Baina yao wameketi abiria.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Heshima hiyo haitakuwa na uzito wowote ikiwa itaishia katika nembo na hotuba. Ninawaomba walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi insha za maelezo ya kazi: eleza jinsi springi inavyofungwa, eleza kwa nini shoku hutoa povu. Wanafunzi nao waende gereji wakiwa na daftari, waulize, waandike neno kama lilivyotamkwa, na wamwombe fundi alieleze. Nao wakufunzi wa vyuo vya ufundi wangefanya hisani kubwa kama wangebandika ukutani, kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja tu wa mambo ya kukagua kila gari linapoinuliwa: vali, mipira ya breki, propela, shoku. Wahenga waliamba, usione vyaelea, vimeundwa. Wanaoviunda wanazungumza Kiswahili, na ni haki yao kuandikiwa kwa lugha hiyo.