Basi la Nguo za Idi

Idi inapokaribia, familia nyingi za hapa Kaliua huchangishana nauli, hukodi basi na kwenda Tabora kununua nguo na viatu vya watoto, kisha hurejea jioni. Hatuoni ubaya katika hilo. Biashara ni halali, na misafara ya Waislamu kutoka Pwani ilipita nchi hii kuelekea Ujiji miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Tunalolihofia ni wakati. Safari hizi huangukia kumi la mwisho la Ramadhani, ambamo hutafutwa Lailatul Qadri. Wazazi hurudi wamechoka, wakalala usiku ambao wangeukesha kwa ibada. Tunashauri basi likodiwe mwezi wa Shaabani.

Pili, sala. Kaliua hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 100. Hivyo msafiri ana ruhusa ya kupunguza Adhuhuri na Alasiri kuwa rakaa mbili mbili, na kuzikusanya. Ruhusa hiyo haikuja ili sala ipuuzwe. Dereva na aelezwe mapema mahali pa kusimama.

Tatu, kabla ya kulipa nauli, mkuu wa nyumba atenge fungu la Zakatul Fitri: pishi moja ya chakula, takriban kilo 2 na nusu, kwa kila aliye chini ya ulezi wake. Kisha amkumbuke yatima wa jirani kwa nguo moja, kwani naye atakuja kusali Idi pamoja na watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.