Kabla Hujalipia Mguu Bandia: Maneno ya Kuyajua Kutoka Bariadi hadi Karakana

Barua nyingi za rufaa zinazopelekwa kwenye karakana za viungo bandia huwa na sentensi moja tu yenye uzito: "Mgonjwa anahitaji kiungo bandia." Kitabibu haina kosa. Ugumu huanzia dirisha la malipo, kwa sababu kiungo bandia kinaweza kuwa nyonga au goti analopandikiziwa mtu ndani ya mwili, kazi ya daktari bingwa wa mifupa, na kinaweza kuwa mguu mzima unaovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku, kazi ya fundi sanifu wa karakana. Cha kwanza huhesabiwa pamoja na upasuaji. Cha pili huhesabiwa kama kifaa. Karani wa bima hulipa kilichoandikwa, na kama kilichoandikwa kina maana mbili, ana kila sababu ya kurudisha karatasi.

Neno "vyuma" lina matata zaidi. Kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Lamadi atakwambia amewekewa vyuma. Huenda ana bamba na skrubu ndani ya mfupa. Huenda amefungwa ile mitambo ya nje ya ngozi ambayo mtaani inaitwa antena. Huenda pia anavaa vyuma vya kushikilia mguu uliopooza, vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi na kuunganishwa na kiatu. Hivyo viwili vya mwanzo ni vya chumba cha upasuaji: vya ndani huondolewa au huachwa mwilini kwa uamuzi wa daktari, na vya nje huondolewa. Hivi vya mwisho ni kifaa saidizi, huchakaa, na hulipiwa upya kila vinapochakaa. Ndugu anayechangisha fedha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo afadhali aseme ni vyuma vipi, kwa sababu vile vya upasuaji ni gharama ya mara moja na hivi vya mwisho ni gharama ya maisha.

Mambo haya hayawahusu watu wachache. Sensa ya Tanzania ya 2022 iliukuta Mkoa wa Simiyu na watu zaidi ya milioni 2. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba karibu nusu asilimia ya watu huhitaji kiungo bandia au kifaa cha kushikilia kiungo. Piga hesabu: ni zaidi ya watu 10,000 katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wala si ajali peke yake inayowaleta. Utafiti wa madaktari wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia wagonjwa 162 waliokatwa viungo hospitalini hapo, ulionyesha kwamba kidonda cha mguu cha kisukari kiliongoza kwa takribani 2 kati ya kila 5, ajali zikifuata kwa karibu.

Sasa tuingie karakana, maana ankara haisomeki kwa mtu asiyejua mguu unavyotengenezwa. Kwa aliyekatwa chini ya goti, fundi hukivika kigutu soksi nyembamba, huzungushia bandeji za plasta zilizolowa, na kabla hazijakauka hubonyeza kwa vidole gumba chini kidogo ya pia ya goti. Pale alipobonyeza ndipo sehemu kubwa ya uzito wa mwili itakapokaa. Ganda hilo likikauka huvuliwa, humiminiwa plasta laini, na kupatikana kigutu cha plasta ambacho fundi hukichonga kwa tupa, akipunguza hapa na kuongeza pale. Kisha bapa la plastiki ya polipropilini hupashwa kwenye tanuri mpaka lilegee, likalazwa juu ya umbo hilo na kunyonywa hewa ili ligande. Hiyo ndiyo soketi, kikombe kinachopokea kigutu. Chini yake huja bomba, na chini ya bomba unyayo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ndiyo iliyoieneza teknolojia hii ya polipropilini katika nchi zenye kipato kidogo, na mpaka leo ni miongoni mwa zinazovumilia vumbi na jua letu.

Kwa hiyo "mguu bandia" kwenye ankara ni vitu kadhaa: vipimo, soketi, bomba na viungio vyake, unyayo, mkanda wa kushikilia, soksi za kigutu, na mazoezi ya kutembea. Aliyekatwa juu ya goti huongezewa goti la kutengenezwa, na hapo bei hupanda sana. Ukipewa tarakimu moja tu, omba profoma yenye mistari. Waulize: mazoezi yamo? Marekebisho ya miezi ya mwanzo yamo? Soksi ni ngapi? Swali la marekebisho ndilo la maana kuliko yote, kwa kuwa kigutu kipya husinyaa. Mtu huanza na soksi moja, baada ya wiki kadhaa anavaa mbili, kisha nne, na siku moja soketi inazunguka mguuni kama kofia ya mtu mwingine. Huo si ubovu wa kazi. Ni mwili umebadilika, na inahitajika soketi mpya, si mguu mpya. Asiyejua tofauti hiyo hulipa mguu mzima mara mbili, au huutupa uvunguni akarudia magongo.

Ukishajua vipande hivi, rufaa nzuri hujiandika. Itaje ni mguu gani, umekatwa juu au chini ya goti, kwa sababu gani na lini, na mhusika anafanya kazi gani. Hilo la mwisho madaktari wengi huliacha. Marekani, bima ya serikali iitwayo Medicare humpanga aliyekatwa mguu katika ngazi tangu K0 hadi K4 kwa kadiri anavyoweza kutembea, na ngazi hiyo ndiyo huamua apewe goti na unyayo wa aina gani. Sisi hatuna haja ya kuiga herufi zao, ila mantiki yake inafaa. "Mkulima wa pamba, anatembea kwenye matuta na kuvuka makorongo, husimama muda mrefu" ni maneno yanayomwambia fundi achague unyayo upi, na yanamwonyesha mlipaji kwa nini unyayo wa bei ndogo kuliko wote hautafaa.

Kuhusu nani analipa, watu wa Simiyu hujikwaa kwanza kwenye neno "bima". Vijijini wengi wenye bima wamekuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyopangwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka. Kadi hiyo huanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Karakana kubwa zenye uzoefu ziko nje ya mkoa: Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi ambako chuo cha mafundi hawa, TATCOT, kimekuwepo tangu 1981, na MOI na CCBRT jijini Dar es Salaam. Yaani kadi inaweza kukuhudumia mpaka kidonda kipone Bariadi, halafu ikasimama pale safari ya mguu inapoanza. Sioni aibu kusema huu ni upungufu wa muundo. Hakuna mwananchi wa kulaumiwa hapo.

Mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ana hali nyingine. Neno lake kuu ni kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo Mfuko huzilipa pamoja na bei zake. Kitita hubadilika; bei mpya zilizoanza Machi 1, 2024 zilileta mvutano mkubwa na hospitali binafsi. Ndani ya kitita kuna kundi la vifaa vya mifupa, lakini jina la kundi halikuambii kila kilichomo. Uliza kwa jina la kifaa chenyewe, uliza kikomo cha bei, uliza kama kinahitaji kibali kabla ya kutengenezwa, na uliza baada ya muda gani unaruhusiwa kingine. Kibali ni ruhusa ya maandishi inayotangulia kazi. Fundi akianza kupima kabla kibali hakijatoka, madai yakikataliwa deni linakurudia wewe.

Kisha kuna "msamaha". Sera yetu ya kuchangia gharama, iliyoanza mwaka 1993, iliacha milango miwili. Mmoja ni wa makundi: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Wa pili ni wa mtu mmoja mmoja asiye na uwezo, anayethibitishwa. Wa kwanza huombwa kwa kuonyesha umri au hali. Wa pili huanzia kwa mtendaji wa kijiji na kumalizikia kwa afisa ustawi wa jamii. Usiende na barua ya mtendaji moja kwa moja dirishani; anayeipa nguvu ni ustawi wa jamii wa hospitali, na kila hospitali ina wake. Ukifika kwake muulize jambo moja waziwazi: msamaha huu unafika mpaka karakana, au unaishia kumwona daktari na kulazwa?

Kwa watoto wenye miguu kifundo swali hilo linabana zaidi. Matibabu ya kawaida leo, njia ya Ponseti, ni plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi ikifuatiwa na mkato mdogo wa kano ya kisigino. Mama huona mguu umenyooka na kudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo viatu vyenye chuma katikati huanza: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka mtoto afikishe miaka 4 hivi. Mtoto anakua, viatu vinabana, vinabadilishwa. Vikiachwa, mguu hurudi kupinda. Basi mwenye mtoto wa aina hii atumie miaka hiyo ya msamaha yote, bila kuruka kliniki, kwa sababu siku ya kutimiza miaka 5 mlango unafungwa.

Aliyeumia kazini asikimbilie bima ya afya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha WCF, Mfuko ulioanza kazi 2015, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba aliyenaswa mkono na mashine ni wa hapo. Fidia ya ulemavu wa kudumu ni fao moja, matibabu ni jingine, utengemao ni jingine tena. Ukipokea hundi ya fidia usidhani ndiyo hela ya kununulia mkono. Ajali itolewe taarifa ndani ya miezi 12.

Ajali ya barabarani nayo ina njia yake. Anza na PF3, fomu ya polisi, hata kama mwenye pikipiki ni shemeji yako. Chombo kilichokuumiza kikiwa na bima, hata ile tunayoiita bima ndogo, una haki ya kudai. Kosa ninaloliona hapa ni la hesabu. Kampuni inatoa kiasi cha kununulia mguu mmoja, familia inatia saini hati ya kukubali malipo ya mwisho. Mtu mzima kwa kawaida hubadilisha mguu kila baada ya miaka 3 hadi 5, mtoto kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kijana wa miaka 25 atahitaji miguu kati ya 7 na 12 kabla hajafika 60. Profoma unayopeleka kwenye madai iseme hivyo, na fundi aisaini.

Misaada nayo ina msamiati wake. Neno "bure" kwenye tangazo la kambi ya viungo bandia ni la kweli kwa mguu. Nauli, chakula na pa kulala huwa juu yako, na aliyekuvalisha huenda asiwepo mwezi wa tatu soketi ikilegea. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960, umewainua watu wengi mno duniani, na simwambii mtu aukatae. Muulize tu mtoaji nani ataurekebisha. Na ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu, ambayo wengi huiita "hela za walemavu", ni mkopo usio na riba kwa ajili ya biashara. Unarudishwa. Si ya kununulia mguu.

Ukilipa mwenyewe, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontroo namba, au dai risiti ya mashine. Karatasi ya mkono haitakurejeshea kitu popote. Na kama kipato chako ni pamba, fedha huja kwa mkupuo msimu wa kuuza na huisha kabla ya mvua. Tenga fungu la matengenezo siku AMCOS, chama chako cha ushirika, inapokulipa, kwa sababu mguu hauchagui mwezi wa kuharibika. Mkanda ukikatika, fundi viatu yeyote wa sokoni Bariadi ataushona vizuri kwa bei ndogo. Soketi ikipasuka, usiipeleke kwa mchomelea ndoo: joto lake hubadilisha umbo, umbo likibadilika kigutu hupata kidonda, na kwa mwenye kisukari kidonda hicho chaweza kumrudisha chumba cha upasuaji.