Kiraka Kisiizidi Nguo

Ndege ya abiria inaweza kuruka miaka thelathini, na katika umri huo haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Ya abiria hugeuzwa ya mizigo kwa kukatwa mlango mpana ubavuni. Nyingine hufungwa antena za intaneti mgongoni. Kila badiliko la namna hii hupita kwa mhandisi wa mikazo, anayekokotoa iwapo umbo jipya litastahimili. Wengi hudhani kazi yake ni kuongeza metali kila penye shaka. Sivyo. Metali iliyoongezwa bila hesabu inaweza kudhuru sawa na iliyopunguzwa, kwa sababu mzigo hukimbilia sehemu iliyo ngumu zaidi: ukikikaza kipande kimoja, umekitwisha uzito uliokuwa ukibebwa na majirani zake, na ribiti zinazokishikilia ndizo zinazolipa.

Ushahidi ulianguka karibu na Lusaka tarehe 14 Mei 1977. Boeing 707 ya mizigo iliyotokea London kupitia Athens na Nairobi ilikuwa ikijiandaa kutua pale bawa dogo la mkia, upande wa kulia, lilipokatika. Watu wote sita waliokuwemo walikufa. Ndege hiyo ilikuwa ya toleo la 300, ambalo bawa lake la mkia lilikuwa limerefushwa kuliko la toleo la awali, na sehemu ya gamba lake la juu ikabadilishwa kutoka aloi ya alumini kuwa chuma kisichoshika kutu, ili liwe gumu zaidi. Likawa gumu kweli. Lakini ugumu huo ulizidisha mzigo kwenye ribiti na matundu yake katika mhimili wa nyuma, ufa wa uchovu wa metali ukaanzia kwenye tundu mojawapo na kukua safari baada ya safari. Bawa hilo jipya halikuwa limepimwa kwa majaribio ya uchovu. Ilionekana yale ya toleo la awali yanatosha.

Kanuni hiyohiyo inatawala kiraka cha antena, yaani bati linaloongezwa kuzunguka tundu linalotobolewa ili kuifunga. Tundu la duara katika bati pana linalovutwa upande mmoja hupandisha mkazo ukingoni mwake hadi mara tatu hivi, kwa hiyo kiraka lazima kiwepo. Kikiwa kinene mno, safu ya kwanza ya ribiti hubeba kupita kiasi na bati la zamani huanza kupasuka hapo, kama kitambaa kilichochakaa kinavyochanika kandokando ya mshono wa kiraka kipya. Ndiyo maana mhandisi mzuri hukipunguza unene kuelekea kingo, jambo linalomshangaza mteja aliyedhani ananunua uimara.

Mtu atauliza: si sheria hudai ndege ihimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa inaotarajiwa kuupata? Ndiyo, ila akiba hiyo ni ya mzigo wa mara moja. Uchovu huja kwa mizigo midogo inayorudiwa maelfu ya mara, chini kabisa ya kikomo hicho.

Pingamizi zito zaidi latoka Japani. Boeing 747 ya Japan Airlines iliyoua watu 520 tarehe 12 Agosti 1985 ilikuwa imeharibika mkia mwaka 1978, na mchoro wa ukarabati wake ulikuwa sahihi. Mafundi walikikata kipande cha kuungia, mzigo wa safu mbili za ribiti ukabebwa na moja. Mhandisi angefanya nini zaidi? Hapa ndipo naona kazi yake imefafanuliwa kwa ufinyu. Kiungo kile kiliruka zaidi ya safari 12,000 bila ufa kugunduliwa. Mhandisi hana budi kukisia pia kosa litakalofanyika katika kukijenga alichokichora, kisha aandike ukaguzi ufanyike lini, kwa kifaa gani na kutoka upande upi, kwani ufa uliofunikwa na kiraka hauonekani kwa nje. Kompyuta humpa ramani nzuri ya mikazo ya umbo lililochorwa. Ramani ya umbo lililojengwa vibaya haipatikani mpaka yeye mwenyewe aamue kuiomba.