DAWA YA MACHO BILA MAJI NI KAZI BURE

Na Mganga Msaidizi Vijijini



Mtoto huletwa zahanati macho mekundu, yamejaa tongotongo. Anapewa dawa na anapona. Baada ya miezi michache anarudi na macho yale yale. Hapo majirani huanza kusema, "Mama yake ni mchafu." Je, maneno hayo ni ya haki? Leo tutatafuta jibu katika nchi ya mbali, Australia. Yaliyowapata wenyeji wa asili wa nchi hiyo yana mafunzo makubwa kwetu sisi tunaoishi vijijini.

WENYEJI WALIONYANG'ANYWA

Waaborijini wameishi Australia kwa zaidi ya miaka 50,000. Waingereza walikuja kuweka makazi yao huko mwaka 1788. Tangu hapo wenyeji walinyang'anywa ardhi, visima na mawindo yao. Wengi walihamishiwa katika misheni na maeneo yaliyotengwa, wakapewa posho ya unga, sukari na chai. Katiba ya nchi hiyo iliagiza wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Jambo hilo lilifutwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967. Fikiri mwenyewe, ndugu msomaji: mtu asiyehesabiwa atapangiwa bomba na nani?

Australia ni nchi tajiri. Lakini kwa hesabu za serikali yake za mwaka 2020 hadi 2022, mtoto wa kiume wa wenyeji wa asili alitazamiwa kuishi karibu miaka 72, na wa kike karibu miaka 76. Hiyo ni pungufu ya miaka 8 hadi 9 kuliko watoto wa wananchi wengine. Kwa nini? Hebu tuchukue ugonjwa mmoja tu kama mfano.

NZI HACHAGUI RANGI

Ugonjwa huo ni trakoma, ambao wengi tunauita vikope. Huletwa na vijidudu vinavyokaa katika macho na makamasi ya watoto. Vijidudu huenezwa na mikono, nguo, kitambaa cha uso na nzi. Mtu akiambukizwa mara nyingi, upande wa ndani wa kope hupata makovu. Kope hupinda, nywele zake zinaingia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Mwisho wake ni upofu.

Kati ya mwaka 1976 na 1978, daktari wa macho Fred Hollows na wenzake walizunguka Australia na kupima watu zaidi ya 100,000. Waliwakuta wenyeji wengi wana vikope, hasa sehemu kavu za bara. Kwa wazungu wa nchi hiyo hiyo ugonjwa ulikuwa umekwisha zamani. Jua ni lile lile, vumbi ni lile lile, na nzi hachagui rangi ya mtu. Tofauti ilikuwa maji, nyumba, msongamano wa watu na umbali wa huduma.

"TUZUIE WATU WASIUGUE"

Mwaka 1983 wenyeji wa kaskazini-magharibi ya jimbo la Australia Kusini walianzisha shirika lao wenyewe la afya, liitwalo Nganampa. Mkuu wake katika miaka hiyo alikuwa Yami Lester, mwenyeji wa asili na mtu asiyeona. Zahanati zilikuwa zikifanya kazi, lakini watu waliendelea kuugua. Mwaka 1985 aliwaita daktari, msanifu majengo na mtaalamu wa maisha ya jamii. Aliwapa kazi moja: watafute njia ya kuzuia watu wasiugue.

Wataalamu hao hawakuanza na hotuba za usafi. Waliorodhesha mambo 9 ambayo nyumba lazima imwezeshe mtu kuyafanya ili awe na afya. La kwanza ni kuoga, hasa watoto wa chini ya miaka 5. La pili ni kufua nguo na matandiko. La tatu ni kuondoa maji machafu. Yanafuata chakula bora, kupunguza msongamano, kuzuia wadudu na madhara ya wanyama, kupunguza vumbi, kujikinga na joto na baridi, na kuzuia ajali.

Kisha waliingia nyumba kwa nyumba. Je, koki inatoa maji? Maji machafu yanaondoka? Nyaya za umeme ni salama? Kilichowezekana kutengenezwa kilitengenezwa siku ile ile, na wenyeji wenyewe walishiriki kazi hiyo. Waligundua kwamba nyumba nyingi hazikuwa na bafu linalofanya kazi. Mama angemwogeshea mtoto wapi?

Kazi hiyo ilienea sehemu nyingine za nchi, na maelfu ya nyumba yakakaguliwa. Ilionekana kwamba chini ya sehemu 1 katika 10 ya uharibifu ilisababishwa na wakazi. Sehemu kubwa ilitokana na kukosa matengenezo ya kawaida, na nyingine ni kazi mbovu ya mafundi tangu mwanzo. Basi lawama zilikuwa zimepelekwa pasipostahili.

Na faida ilionekana. Katika jimbo la New South Wales, kazi ya mwaka 1998 hadi 2008 ilipimwa. Wenyeji ambao nyumba zao zilitengenezwa walilazwa hospitali kwa magonjwa ya kuambukiza kwa asilimia 40 pungufu ya wenyeji wa vijijini ambao nyumba zao hazijafikiwa.

SISI TUFANYE NINI?

Vikope tunavijua hata hapa Tanzania. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kutangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuwaosha watoto uso pamoja na dawa kulipunguza vikope vikali kuliko dawa peke yake. Kwa hiyo:

1. Mwoshe mtoto uso kila siku. Maji kidogo ya kibuyu chirizi yanatosha.

2. Msifutane uso kwa kitambaa kimoja au kwa khanga moja.

3. Chimba choo na ukitumie. Nzi wa vikope huzaliana katika kinyesi kilichoachwa wazi.

4. Dawa ya vikope ikigawiwa kijijini, kila anayestahili ameze, hata asiyeumwa.

5. Nywele za kope zikiingia ndani, wahi kituo cha afya. Upasuaji wake ni mdogo nao huokoa jicho.

6. Pampu au koki ikiharibika, ihesabiwe kuwa ni mgonjwa mahututi. Jambo hilo lifikishwe kwenye kamati ya maji siku hiyo hiyo.

Ukisikia mama analaumiwa kwa uchafu, uliza kwanza anatembea mwendo gani kufuata ndoo moja ya maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya yale mambo 9, ni yapi yanayowezekana nyumbani kwako? Ni yapi yasiyowezekana, na kwa nini?

2. Ni vyombo gani vya maji vimeharibika kijijini kwenu? Nani anapaswa kuvitengeneza, na mtaanza lini?