Pampu ya Kisima Haifi Ghafla



Aliyelelewa katika vijiji vya Kwale anaijua sauti ya pampu ya mkono baada ya Sala ya Alfajiri: mpini ukipanda na kushuka, maji yakimiminika ndooni, na akina mama wakijuliana hali wakingojea zamu. Anakijua pia kimya cha siku pampu inapogoma. Siku hiyo mama hubeba madumu hadi kisima cha mbali, au huyanunua maji kwa mchuuzi wa mkokoteni kwa fedha zilizotengwa kwa unga. Mtoto huchelewa skuli, na nyumba nzima hutawadha kwa kupimiana kikombe.

Katika miaka ya 1980, Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako pampu aina ya Afridev ilifanyiwa majaribio. Ilibuniwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza. Ni chombo chema, lakini kina viungo vinavyolika kwa kutumika: raba ya pistoni, bushi za mpini, valvu ya chini, na vyuma virefu vinavyoshuka kisimani. Viungo hivi aghalabu havifi kwa siku moja. Huugua kwanza.

Mama anayeteka kila siku huujua ugonjwa huo kwa mkono wake. Zamani maji yalitoka kwa pigo la pili au la tatu. Leo anapiga mara kumi ndipo yaje. Mpini umekuwa mwepesi kupita kawaida, au unalia na kuyumba. Yeye ndiye tabibu wa kwanza, ila ni nadra kuulizwa, mpaka siku chuma kinapokatika na kijiji kizima kikashika vichwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walianza kuzisoma dalili hizo kwa chombo. Walifanya jaribio lao Kyuso, katika Kaunti ya Kitui. Ndani ya mpini wa pampu walitia kidude kinachopima mwendo, cha jinsi ile iliyomo katika simu zetu, ambacho huifanya picha igeuke tunapoilaza simu. Habari zake zilisafiri kwa mtandao wa simu. Hapo mwanzo swali kubwa lilikuwa hili: pampu inafanya kazi au imenyamaza? Habari hiyo, pamoja na fundi aliye tayari kutoka mara moja, ilipunguza muda wa pampu kukaa mbovu kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3.

Kisha wakaenda mbele zaidi, na pampu za Kwale zikawa darasa lao. Mitikisiko ya mpini ilirekodiwa kwa wingi, ikapewa kompyuta iliyofunzwa kwa elimu iitwayo akili mnemba. Kompyuta hupewa mwendo wa pampu nzima na mwendo wa pampu yenye kasoro, mara nyingi mno, hadi ijifunze kutofautisha. Baada ya hapo, pampu ikianza kubadili mwendo wake, hutoa ishara kabla haijakatika. Elimu ya namna hii hutumika pia kuchunga injini za ndege na mitambo ya umeme wa upepo.

Huenda msomaji akauliza: je, huku si kudai kujua ghaibu? La. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Nahodha akiona wingu jeusi akashusha tanga hajadai kujua ghaibu. Amesoma ishara aliyowekewa mbele ya macho yake. Chombo hiki nacho husoma ishara, tena hukosea: huweza kuonya pasipo na kasoro, au kunyamaza penye kasoro. Kwa hiyo bado lahitajika sikio la fundi na mkono wa mama. Kushika sababu kisha kutawakali ndiyo adabu tuliyofunzwa na Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wasallam) alipomwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza.

Lakini tuseme kweli. Onyo halitengenezi pampu. Kompyuta ikilia leo na kijijini hakuna raba, hakuna fundi, wala hakuna akiba katika mfuko wa kamati, mama atabeba dumu lake vilevile. Utafiti huo ulizaa huduma iitwayo FundiFix, huko Kitui na hapa Kwale, ambapo jamii hulipa ada ndogo na fundi hufika upesi pampu inapoharibika. Siri yake kubwa ni ada ile inayolipwa wakati pampu ingali nzima.

Hapo ndipo penye udhaifu wetu. Twapenda kuchimba kisima kwa ajili ya marehemu wetu na kuandika jina lake kwenye saruji. Ni jambo la kheri kubwa. Sayyidna Uthman (Mwenyezi Mungu amridhie) alikinunua kisima cha Ruma akakifanya cha Waislamu wote. Lakini sadaka hii huitwa jariya kwa sababu inatiririka. Pampu ikifa mwaka wa tatu, na jina lingali linang'aa kwenye saruji, ni nini kinachotiririka?

Basi anayechimba kisima na aweke kando fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza, liwe sehemu ya wakfu wenyewe. Kamati ziwe na akina mama, kwani wao ndio wanaoushika mpini. Na mama akisema, "Pampu imekuwa nzito," aitwe fundi siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya raba moja si gharama ya pampu mpya.

Wabillahi tawfiq.